Kitako cha Winchi Kinapoundwa Uani



Mvua za masika zinapokaribia, jamaa zetu wanaosafiri katika njia za udongo mweusi za Tana na Lamu huanza kutafuta winchi, mashine ya kulikwamua gari matopeni. Winchi yenyewe hununuliwa dukani. Lakini kitako chake, yaani bamba la chuma linaloishika mbele ya gari, mara nyingi huundwa uani, mbele ya macho ya watoto. Kwa hivyo kazi hiyo si ya fundi peke yake. Mama mwenye nyumba ana haki ya kuuliza, naye ajibiwe.

Aulize kwanza: kitako kitafungwa wapi? Kanuni inayofuatwa ni kwamba nguvu za winchi zisipungue mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa na mizigo yake. Gari la kilo 2,800 lahitaji winchi ya kilo 4,200, na mvuto wote huo hubebwa na kitako. Kikishikizwa kwenye bampa la bati, huweza kung'oka, na chuma pamoja na kamba ya waya vikamrukia aliyesimama karibu. Mahali pake ni mihimili miwili ya fremu ya gari, kwa bamba nene, aghalabu la milimita 6, na bolti imara zilizoandikwa 8.8 kichwani. Iwapo kuna lolote la kuchomelewa kwenye gari lenyewe, betri ifunguliwe kwanza.

Aulize pili: watoto wako wapi? Mwangaza wa kuchomelea huunguza macho kimyakimya. Mtoto aliyeutazama mchana hucheza vizuri, kisha usiku huamka akilia kana kwamba ametiwa mchanga machoni. Miwani ya jua haimkingi. Asisugue macho, apelekwe hospitali. Na anayempelekea fundi chai asubiri kazi isimame, kwani kitambaa chepesi cha buibui hushika cheche upesi.

Aulize tatu: chuma hiki kimepakwa zinki? Moshi wa zinki huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Zinki ikwanguliwe pale panapochomelewa, na kazi ifanywe penye upepo. Kisha chuma kipakwe rangi ya kuzuia kutu, kwani hewa yetu ya chumvi haikisamehe chuma kilicho wazi.

Kazi ikiisha, kitako kijaribiwe kabla ya safari. Gari livutwe polepole kwenye mwinuko mdogo, blanketi zito likiwa juu ya kamba, na watu wote wakiwa mbali. Baadaye kila bolti na kila kiungo kikaguliwe upya. Palipoonekana ufa hata mwembamba kama unywele, gari lisipakie abiria mpaka kitako kiundwe tena.