Tuulize breki za daladala zinanunuliwa wapi



Naomba nafasi katika ukurasa huu wa barua nieleze jambo ambalo wasafiri wa Barabara ya Kilwa tunalijua sana, ila wahusika hulitazama kwa upande mmoja tu. Nalo ni vipuri bandia vya breki.

Mimi ni mkazi wa Mtoni na ninafundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja upande wa Mkuranga, hivyo napanda gari kila siku ya kazi. Muhula uliopita Coaster tuliyopanda ilikataa kusimama mteremkoni. Dereva alikanyaga, tukasikia chuma kikisaga chuma, gari likazidi kwenda. Akashusha gia na kulipeleka kando mchangani. Hakuna aliyeumia. Mlangoni walisimama watoto wa shule wanne, kama kawaida yao, maana hawapewi viti.

Fundi alipofungua gurudumu tuliona ile sehemu ya kusugulia imebanduka yote kutoka kwenye bati lake, kama soli iliyobandikwa kwa gundi mbovu. Pedi hiyo ilikuwa na siku kumi na moja tu tangu ifungwe. Boksi lake lilikuwa bado chini ya kiti, lina jina la kiwanda mashuhuri cha Kijapani, na kwa mazoea yangu ya kusahihisha madaftari niliona mara moja kwamba neno la Kiingereza la kusema "halisi" limekosewa herufi. Nilipomuuliza dereva, alinijibu: "Mwalimu, ile halisi inakula hesabu ya siku mbili, na tajiri hanirudishii."

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Dereva anadaiwa hesabu kila jioni, na gari likilala gereji hesabu haipatikani. Tajiri, ambaye abiria hawamjui, humwachia dereva vipuri vidogo vidogo. Basi anayechagua breki za watu thelathini ni yule mwenye haraka kuliko wote na fedha kidogo kuliko wote. Simtetei dereva, lakini tukimkamata yeye peke yake tutakuwa tumekamata mkia.

Watu hudhani kipuri bandia ni kile kinachoisha upesi. Si hivyo tu. Pedi mbovu yaweza kushika vizuri asubuhi ingali baridi, kisha ikapata moto kwa kusimama kila kituo na kupoteza nguvu. Mafuta ya breki nayo hufyonza maji kutoka hewani. Yakizeeka na joto likizidi huchemka ndani ya bomba, mguu ukazama hadi sakafuni. Wapo pia wanaoongeza oili yoyote iliyo karibu, ikavimbisha raba za ndani. Hata Uingereza wenye magari ya zamani ya michezo, kama MG na Triumph, hulalamikia raba za kuigiza. Lakini yale ni magari ya watu wawili.

Vyombo vya kusimamia tunavyo. Sheria ya Alama za Bidhaa ni ya mwaka 1963. Shirika la Viwango (TBS) lilianzishwa 1975, na tangu 2012 bidhaa nyingi hukaguliwa huko zinakotoka kabla ya kupakiwa. Tume ya Ushindani hukamata na kuteketeza bidhaa bandia. LATRA ipo tangu 2019 badala ya SUMATRA. Ila ukaguzi wa barabarani hupima kama gari linasimama siku hiyo. Gari letu lingefaulu siku ya kumi, likabandikwa na stika.

Tarehe 24 Februari 2024, pale Ngaramtoni, Arusha, watu 25 walipoteza maisha lori lilipogonga magari mengine, na taarifa za awali zilitaja kushindwa kwa breki. Sisemi zilikuwa bandia. Nasema kila inapotokea hivyo vipuri vifunguliwe, vipelekwe maabara, na duka lililoviuza litafutwe.

Ulaya iko Kanuni Namba 90 ya Umoja wa Mataifa: pedi ya kubadilishia hupimwa nguvu ya kushika na uimara wa gundi, hupigwa alama, ndipo iuzwe ndani ya boksi lililofungwa. Kwetu, TBS wangeweza kwenda Kariakoo kama wateja wa kawaida, wanunue pedi rafuni na kuzipima, kisha wayatangaze majina katika magazeti. LATRA nao wamdai mwenye gari, siyo dereva, risiti ya breki anapotaka leseni ya njia.

Gari lile nimeshaliona tena barabarani. Sikuambiwa limefungwa breki gani safari hii, nami nimelipanda mara mbili, kwa sababu kengele ya shule hainisubiri.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mtoni, Temeke,
Dar es Salaam.