Mzinga wa Ndege, Si Kisanduku cha Mbao

Vitabu vinavyoeleza namna ya kuwajengea ndege wa porini nyumba ya kutagia aghalabu vimeandikwa Ulaya. Humwelekeza mwanafunzi atafute mbao nyembamba, misumari na bawaba. Nilipokuwa masomoni huko niliviona visanduku hivyo vikikaliwa vizuri. Lakini kwa shule za Nachingwea na Ruangwa sivipendekezi.

Ndege tunaowasema ni wale watagao ndani ya mvungu wa mti. Kigong'ota hujichimbia mwenyewe. Bundi, hudihudi na hondohondo hutegemea mivungu iliyokwisha kuwapo. Jike la hondohondo hujifungia humo kwa udongo na kinyesi, akabakiza ufa mwembamba wa kulishiwa na dume. Mvungu wa kumtosha haupatikani ila katika mti mzee, na miti hiyo imepungua. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuvunjika 1951, ulifyeka miyombo ya Nachingwea kwa matrekta. Na siku hizi mninga ukinenepa kidogo tu huwahiwa na msumeno.

Basi tuwape mivungu, lakini iwe ya nchi hii. Ubao mwembamba juani huwa tanuri, na bati ni baya zaidi: makinda hufa. Warina asali wetu wanalo jibu, nalo ni mzinga wa gogo. Litwaliwe gogo lililoanguka lenyewe, lipasuliwe mara mbili, likombwe ndani, kuta zibaki na unene wa sentimita 4 hivi, kisha lifungwe kwa waya. Tofauti na mzinga, likae wima, tundu la kuingilia liwe juu, na chini vitobolewe vijitundu vya kutolea maji. Tundu la sentimita 4 lawatosha ndege wadogo. Bundi ataka la sentimita 15 na gogo pana. Kijiti cha kutulia mlangoni, kipendwacho na wachoraji, humsaidia adui tu. Litundikwe mwezi Julai. Nyuki wakitangulia kuingia, waachieni, mtundike jingine.

Najua bundi ataleta ubishi. Wako wazazi watakaosema shule inafuga uchuro. Mwalimu asiwacheke. Chini ya mti aokote vile vitonge vya mifupa na manyoya avitemavyo bundi, wanafunzi wavifumue kwa kibano na kuhesabu mafuvu ya panya. Nchini Malaysia wenye mashamba ya michikichi huwatundikia bundi nyumba kwa sababu ya panya, na mkulima wa mahindi wa Ruangwa hahitaji kuelezwa hasara ya panya. Hesabu hiyo ya mafuvu iandikwe ubaoni siku ya mkutano wa wazazi.