TAZAMENI KWANZA, NDIPO MCHIMBE

Kila linapotajwa gati jipya au ukuta mpya wa pwani mbele ya Mji Mkongwe, wananchi hupewa jawabu lile lile: chini ya maji hamna kitu ila tope. Twauliza: ni nani aliyezama akatazama?

Tope hilo ndilo sanduku. Mbao za jahazi zikiachwa wazi baharini huliwa na wadudu. Zikifukiwa na tope, pasipo hewa, hudumu mamia ya miaka. Ikija meli ya kuchimba bahari, kazi ya karne huharibiwa kwa asubuhi moja.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga kasri ya Mfalme, zikaizamisha na meli yake, Glasgow, papa hapa mbele ya mji. Milingoti yake ilibaki ikionekana juu ya maji hata mwaka 1912 ilipovunjwa, na mabaki yake yangali chini. Hiyo ni meli ambayo siku yake twaijua. Seuze vyombo vya pepo za kaskazi vilivyozama kabla yake, ambavyo hapana aliyeviandika!

Mwaka 2000 mji wetu uliingizwa katika Urithi wa Dunia. Je, urithi huo wakomea pale maji yanapoanzia?

Wakubwa husema kutazama ni kuchelewesha maendeleo. Istanbul, kuanzia mwaka 2004, uchimbaji wa stesheni ya reli ipitayo chini ya bahari ulifukua vyombo 37 vya kale. Kazi ilichelewa kwa miaka, kweli. Lakini reli ilifunguliwa mwaka 2013, na vyombo vimehifadhiwa. Lamu walianza na kuchimba, na mwezi wa Aprili 2018 Mahkama Kuu ya Kenya ikaamua kuwa haki ya watu wale juu ya utamaduni wao imevunjwa. Hukumu hairudishi tope mahali pake.

Sisi wenye maduka hatubomoi ghala kabla ya kuhesabu mali iliyomo. Kwa hivyo twataka bahari ikaguliwe kwa mitambo na wazamiaji kabla zabuni haijatiwa saini. Twataka wavuvi waulizwe, kwani wao wajua nyavu zao hunasa wapi. Mkaguzi asilipwe na yule anayengojea kujenga, na khabari yake ichapwe kwa Kiswahili, ibandikwe Darajani, sote tuisome.