Tusilipie kumbukumbu ambayo kompyuta haiifikii

Mfanyabiashara mmoja wa Ruziba, kusini mwa Bujumbura, aliniomba nimwangalizie kompyuta ya mtumba aliyoagiza kwa ajili ya hesabu za duka lake. Aliuziwa kama mashine yenye RAM ya GB 8, na bei ikapanda kwa sababu hiyo. Tulipofungua taarifa za mashine, Windows 7 iliandika kuwa zimefungwa GB 8, zinazotumika ni GB 3.25. Zaidi ya nusu ya alicholipia ilikuwa imelala.

RAM haikuwa mbovu. Tatizo ni anwani. Kompyuta huifikia kila baiti ya kumbukumbu kwa namba yake, kama tunavyopigiana simu. Namba za Burundi zina tarakimu nane, hivyo haziwezi kuzidi milioni 100, hata ijengwe minara mingapi. Mfumo wa biti 32 nao una anwani 4,294,967,296, yaani GB 4. Sehemu ya anwani hizo huchukuliwa na vifaa vingine, kama kadi ya picha. RAM hupata zilizobaki.

Wahandisi walitafuta njia ya kuvuka kikomo hicho. Mwaka 1995 Intel ilitoa Pentium Pro, prosesa ya biti 32 iliyoweza kufikia RAM kwa anwani za biti 36, hadi GB 64. Lakini kila programu iliendelea kuona GB 4 tu. Kazi ya kuziba pengo hilo iliachiwa kiini cha mfumo endeshi, yaani sehemu inayogawa kumbukumbu kwa programu zote.

Kwenye Linux ya biti 32, kwa kawaida kiini hujiwekea GB 1 ya anwani, na humo kinaifikia moja kwa moja RAM ya MB 896 tu. Hiyo ndiyo kaunta yake. RAM iliyobaki ni ghala la nyuma: bidhaa inaletwa kaunta, inahudumiwa, kisha inarudishwa ili nyingine ipate nafasi. Ghala nalo lina daftari, kwani kila kipande cha KB 4 kina rekodi yake. Rekodi moja ikiwa ya baiti 32, ghala la GB 64 linataka daftari la MB 512, na daftari hilo hukaa kaunta. Zaidi ya nusu ya kaunta imekwisha kabla mteja hajaingia.

Windows 7 ya biti 32 haikujihangaisha hivyo. Microsoft iliiwekea kikomo cha GB 4, hata pale prosesa inapoweza kuvuka.

Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara, kabla ya kulipa uliza mambo mawili: prosesa ni ya biti ngapi, na mfumo uliowekwa ni wa biti ngapi? Prosesa ikiwa ya biti 64 na mfumo wa biti 32, usinunue RAM nyingine. Hifadhi mafaili yako, kisha weka mfumo wa biti 64. Ndivyo tulivyofanya Ruziba, na GB zilizolala zikaamka. Prosesa yenyewe ikiwa ya biti 32, usikubali GB 8 zikupandishie bei.

Wapo watakaosema mtumba ni mtumba, mnunuzi afumbue macho. Lakini anayenunua mchele hupimiwa kwenye mizani mbele yake. Mashirika ya viwango, BBN hapa Burundi, TBS Tanzania, KEBS Kenya na UNBS Uganda, yakubaliane kwamba ankara ya kompyuta ya mtumba inayovuka mpaka itaje biti za prosesa, biti za mfumo na RAM inayotumika. Ni mistari mitatu tu. Soko la pamoja halina maana kama mnunuzi wa Ruziba analipia GB 8 na kurudi nyumbani na GB 3.25.