Taa za kijani zilimhadaa shemeji

Msomaji mpenzi, ikiwa unahamia afisi mpya, au shule ya mwanao inatiwa kompyuta, soma kisa hiki kabla hujamlipa fundi wa mtandao.

Shemeji yangu alikopa pesa za chama akafungua chumba cha mafunzo ya kompyuta katika jengo moja hapa Nairobi. Kompyuta 12, orofa mbili. Fundi alipitisha kebo kwa siku mbili, kisha akatoa kijisanduku cha kupimia. Kila alipochomeka kebo, taa nane za kijani ziliwaka moja baada ya nyingine.

"Umejionea mwenyewe, mzee. Zote ziko sawa," akasema. Shemeji akalipa.

Wanafunzi walipofika, kompyuta zilizo karibu na swichi ya mtandao zilifanya kazi. Za orofa ya juu zikawa zinakwama kila mara. Baada ya wiki mbili wazazi walianza kudai karo yao.

Fundi wa pili, binti mmoja mtulivu, alitazama plagi moja tu akagundua kosa.

Ndani ya kebo hiyo, msomaji, mna nyaya nane zilizosokotwa mbili mbili. Hizo ni jozi nne: ya rangi ya machungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia. Kule kusokotwa si mapambo. Kelele ya umeme ikigusa waya mmoja, humgusa na mwenzake karibu sawasawa. Kwa kuwa kompyuta husoma tofauti kati ya hao wawili, kelele hiyo hujifuta. Ukiwatenganisha, kinga imekwenda.

Katika plagi, nafasi ya 1 na 2 ni jozi moja, 4 na 5 jozi nyingine, 7 na 8 nyingine. Jozi iliyobaki hukaa nafasi ya 3 na 6. Fundi wa kwanza hakulijua hilo. Alizifuatanisha jozi tu: 1 na 2, 3 na 4, 5 na 6, 7 na 8. Kwa kuwa alikosea vivyo hivyo pande zote mbili, kila waya ulifika mahali pake na taa zikawaka. Lakini nafasi ya 3 na 6 zilishika nyaya za jozi tofauti. Kwenye kebo fupi kosa hili huweza kujificha; kwenye ndefu huumbuka.

Kijisanduku cha taa hukuambia kwamba waya umefika. Hakikuambii kama ujumbe utapita salama. Kwa hilo kuna mita inayopima urefu, nguvu inayopotea njiani na kelele baina ya jozi.

Basi kabla ya kulipa, mwulize fundi haya. Je, kila kebo imepimwa kwa mita hiyo, na matokeo yako wapi kwa maandishi? Je, urefu wote umezidi mita 100, yaani 90 ukutani na 10 za kebo za kuunganishia? Je, kebo zimetengwa na nyaya za stima? Kwenye plagi, je, amefumua msokoto zaidi ya milimita 13? Mwisho, kwangua waya mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, nawe umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kebo za shemeji zilikuwa nzima. Plagi zilikatwa, zikafungwa upya, na kufikia saa saba mchana orofa ya juu ilikuwa ikifanya kazi. Wanafunzi watatu, hata hivyo, hawakurudi, na deni la chama lingali linalipwa.

Fundi wa kwanza alipoitwa, alikuja. Alitazama kimya, kisha akamwomba yule binti amwonyeshe tena. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Tukutane Jumapili ijayo.