Farasi 400, Lakini Kutoka Ngapi?

Wasee wa Subaru, leo tuongee farasi. Si wale wa mbio pale Ngong Road. Nasema wale 400 wanaouzwa na magereji ya kutuni magari hapa Nairobi kwa video ya sekunde 15: ekzosti inatema moto, fundi amekunja mikono kifuani, na namba kubwa imejaa kwa skrini. 400! Steji 2! Lipa nusu tuanze.

Swali langu ni moja. 400 kutoka ngapi?

Hiyo "Steji 2" yenyewe haina kipimo rasmi popote. Kila gereji ina yake. Na namba moja ya daino haisemi kitu, kwa sababu daino mbili zinaweza kukupa majibu mawili kwa gari moja, siku moja. Chenye maana ni tofauti: gari lipimwe kabla halijaguswa, lipimwe tena baada ya kazi, daino ile ile, gia ile ile, petroli ile ile. Kama fundi hana karatasi ya kwanza, ile ya pili ni bango la biashara tu.

Halafu kuna mchezo wa mwinuko, na huu ndio unanikera zaidi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban 3% ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa hivyo programu ya daino inaongezea asilimia fulani, ili matokeo yalingane na ya gari lililopimwa chini, tuseme Mombasa. Kwa Vitz, sawa. Lakini turbo tayari inajazia sehemu kubwa ya ile hewa iliyokosekana. Ukiipa nyongeza yote tena, unaandikia gari farasi ambao hawajazaliwa. Omba namba ghafi, ile isiyorekebishwa. Uone vile msee ataanza kukohoa.

Kuna pia hesabu ya mafuta. Mimi niliacha chuo na bado naiweza, kwa hivyo usinipe stori. Chukua injekta nne za cc 440 kwa dakika. Zikiwa wazi muda wote, zinapitisha kama kilo 78 za petroli kwa saa. Hakuna fundi mwenye akili anaziachilia hivyo, kwa hivyo weka 85%: kilo 66. Injini ya turbo ikikanyagwa mwisho hula takriban gramu 270 kwa saa kwa kila farasi mmoja. Gawanya. Unapata kama farasi 245. Sasa mtu akikwambia amefika 400 na injekta hizo hizo na pampu ile ile ya kiwandani, muulize hao wengine 155 wanakula nini.

Na ukitumiwa picha ya grafu, angalia mistari. Farasi na torki ya pauni-futi zikichorwa kwa skeli moja, lazima zikutane kwenye mizunguko 5,252. Si karibu na hapo. Hapo hapo. Zikikutana kwingine, grafu imechorwa na mtu.

Utaniambia, "Buda, acha watu wauze ndoto." Sawa, lakini hizi ndoto zinalipiwa na mkopo wa sacco. Mbaya zaidi ni fundi aliyeahidi 400 akapata 260. Atafanya nini? Ataongeza presha ya turbo hadi namba ikaribie, na mafuta hayatoshi. Injini inaanza kugonga ndani. Pistoni za kiwandani za EJ zinajulikana kwa kuvunjika kingo za ringi zikifanyiwa hivyo. Gari linaanza kutoa moshi wa bluu, na gereji inakwambia ulitumia petroli mbaya.

Kuna wale wanasema kupima kabla ni kupoteza pesa, eti kiwanda kilishaandika. Kiwanda kiliandika injini ikiwa mpya. Hiyo yako imetembea kilomita laki moja Japani, ikashukia Mombasa na miaka saba mgongoni, na hakuna anayejua nani aliichapa huko. Ipime kwanza. Deposit itangoja.