Kanda Zilizonusurika Mnadani

Bendi ya Grateful Dead ya Marekani ilikoma mwaka 1995, alipofariki mpiga gitaa wake, Jerry Garcia. Hata hivyo wapenzi wake wangali wakingojea rekodi mpya, zitokanazo na kanda za maonyesho ya zamani. Bendi hiyo haikuwa na mazoea ya kuupiga wimbo vile vile siku mbili. Kila onyesho lina ladha yake.

Lililongojewa mno ni lile la tarehe 8 Mei 1977 katika Chuo Kikuu cha Cornell, ndani ya ukumbi wa Barton, ambao, ajabu, ulijengwa kwa ajili ya gwaride na mafunzo ya kijeshi. Alilirekodi Bibi Betty Cantor-Jackson, fundi sauti. Baadaye bibi huyo alipatwa na dhiki ya fedha, na mwaka 1986 mali yake iliyowekwa ghalani ikanadiwa. Mamia ya kanda yakaangukia mikononi mwa watu baki. Nyingine zikaota ukungu.

Mashabiki wakanakiliana walichopata. Lakini nakala ya nakala hufifia, nayo besi huwa ngurumo tupu. Ndiyo maana kanda za asili ziliporudi kwa wenyewe, na onyesho kutolewa rasmi Mei 2017, waliokuwa nalo nyumbani kwa miaka mingi walilinunua tena bila kunung'unika. Wengine walikuwa vijana ukumbini usiku ule; sasa walikuwa na wajukuu.